Pawa Saplai ya Pembeni na Sindano Iliyochakaa

Wako watu waaminifu kabisa, tena wenye masikio mazuri, wanaosema kwamba santuri haiwezi kusikika ipasavyo mpaka kikuzio chake kipewe pawa saplai ya peke yake, ndani ya sanduku la peke yake. Dai hili nililisikia kwanza kwa vijana wa mjini, kisha nikalisoma katika majarida ya Kizungu niliyoletewa. Mwaka jana likanifikia hapa Ngara kwa njia isiyo ya mzaha. Mwalimu mwenzangu mstaafu wa Biharamulo aliazimia kuuza ndama wawili ili anunue sanduku hilo. Mzee huyu ana santuri zipatazo mia moja, nyingine za marehemu baba yake, na anataka zinakiliwe kwenye kompyuta kabla yeye na zenyewe hazijaondoka duniani. Kwa hiyo swali hili si la watu wenye fedha za kuchezea. Ni la ndama wawili na muziki wa ukoo mzima.

Msomaji asiye fundi aniruhusu nieleze kidogo, maana nilifundisha fizikia miaka mingi na ugonjwa huo hauponi. Sindano inapopita katika mfereji wa santuri hutikisika, na kichwa kinachoishika hugeuza mtikisiko ule kuwa umeme. Umeme huo ni kidogo mno. Kichwa cha kawaida chenye sumaku inayotembea hutoa kama milivolti 5. Betri moja ya tochi ina nguvu mara 300 zaidi ya hapo. Kichwa chenye koili inayotembea hutoa nusu milivolti au chini yake. Kikuzio ndicho kinachopokea kijiumeme hicho na kukikuza mara 100, au mara 1,000 kwa kichwa cha koili, kabla hakijafika kwenye amplifaya.

Tena kikuzio hakikuzi sauti zote sawasawa. Watengenezaji wa santuri hupunguza besi wakati wa kuchonga mfereji, la sivyo mifereji ingepanuka na kuingiliana. Kikuzio hulazimika kuirudisha besi hiyo kwa kipimo ambacho Wamarekani walikubaliana mwaka 1954 na dunia nzima ikakifuata. Kwa kipimo hicho, sauti ya mizunguko 50 kwa sekunde hukuzwa takriban mara 7 zaidi ya sauti ya mizunguko 1,000. Na umeme wa nyumbani Tanzania una mizunguko mingapi kwa sekunde? Hamsini. Hapo ndipo palipo kiini cha mambo. Uchafu wowote wa umeme wa ukutani ukipenya mlangoni mwa kikuzio, kikuzio chenyewe huukuza mara 700, na wewe unasikia ule mvumo kama wa nyuki ndani ya mzinga.

Basi wanaodai pawa saplai itengwe hawakutoka hewani. Transfoma huzungukwa na uga wa sumaku, na ikikaa ndani ya sanduku moja na kikuzio, uga huo huingia moja kwa moja katika nyaya zenye milivolti zile chache. Kuitoa nje ni dawa halisi. Lakini dawa hiyo inatokana na nini? Inatokana na umbali. Uga wa transfoma hupungua upesi sana kadiri unavyosogea: umbali ukiwa mara mbili, nguvu yake hubaki kama sehemu moja ya nane, umbali ukiwa mara kumi, hubaki kama sehemu moja ya elfu. Adapta ndogo ya bei nafuu iliyochomekwa ukutani, mita moja na nusu kutoka kwenye kikuzio, tayari ni pawa saplai iliyotengwa. Muuzaji wa sanduku la fahari hakuambii hivyo.

Wala jambo hili si uvumbuzi mpya. Amplifaya ya Quad II ya Uingereza, ya mwaka 1953, ndiyo iliyokuwa ikikilisha kikuzio chake umeme kwa waya, kila kimoja kikiwa katika umbo lake. Kampuni ya Naim, iliyoanzishwa mwaka 1973 na Julian Vereker katika mji wa Salisbury, ilijijengea jina kwa sehemu kubwa kwa kuwauzia wateja pawa saplai za pembeni, moja baada ya nyingine, kila moja ikiahidi kuzidi iliyotangulia. Sisemi kuwa walidanganya. Nasema kwamba saketi ikisanifiwa vizuri hujilinda yenyewe dhidi ya mawimbi madogo ya pawa saplai yake, na mahali pa kuongeza uzuri hubaki padogo. Ikisanifiwa vibaya, pawa saplai nzuri huificha aibu yake. Mtu anayesikia tofauti kubwa mno baada ya kununua sanduku la pembeni angefaa akitazame upya kile kikuzio alichoanza nacho.

Mimi na mwalimu yule hatukuishia kwenye nadharia. Tuliazima sanduku zito kutoka kwa fundi mmoja wa Mwanza, tukachukua adapta iliyokuja na kikuzio, tukaongeza na betri ya volti 12 iliyokuwa ikiwasha taa za sola. Mzee aligeukia ukuta, mjukuu wangu akawa anabadilisha bila kusema neno. Kwanza tuliinua sindano, tukafungua sauti hadi mwisho, tukasikiliza ukimya. Hapo tofauti ilikuwa wazi: adapta ilivuma kidogo, sanduku la Mwanza lilivuma kidogo zaidi ya kidogo, betri ilinyamaza kama kaburi. Kisha tukaweka santuri na kurudisha sauti mahali ambapo binadamu husikilizia. Mzee alibahatisha tu, na mimi nilipogeukia ukuta kwa zamu yangu nilibahatisha pia. Mikwaruzo na vumbi la santuri yenyewe vilikuwa vimeufunika mvumo wote. Mjukuu alituomba tuache, chakula kilikuwa kinapoa.

Sanduku la Mwanza lilizidi adapta kwa sababu gani? Tulipochunguza tuliona kuwa adapta ilikuwa imelala juu ya waya wa sindano. Tukaisogeza. Tukakaza pia ule waya mwembamba wa ardhini unaotoka kwenye mashine ya santuri, ambao watu wengi huuacha ukining'inia kwa kudhani ni wa ziada. Baada ya hapo adapta na sanduku vilikuwa kitu kimoja hata sauti ikiwa juu kabisa. Gharama yake ilikuwa bisibisi.

Kwa wilaya zetu hizi mbili, hata hivyo, suala hili lina sura ambayo waandishi wa Ulaya hawaijui. Wao huandika kana kwamba umeme wa ukutani ni kitu kimoja kila mahali. Sisi tumeishi kwa namna nyingi za umeme. Baada ya Aprili 1994, wakimbizi wa Rwanda walipovuka daraja la Rusumo kwa maelfu, Ngara ilijaa majenereta ya mashirika ya misaada. Baadaye miji ya Ngara na Biharamulo iliwekewa mitambo ya dizeli katika mradi mmoja na Mpanda, kwa msaada wa Uholanzi. Leo pale Rusumo kuna bwawa la megawati 80 linalogawanywa sawa kwa sawa kati yetu, Rwanda na Burundi, na njia yake ya umeme mkubwa inakuja mpaka Nyakanazi, ndani ya Biharamulo. Lakini vijijini wengi bado wanatumia sola na inveta, na inveta za bei rahisi hazitoi wimbi laini. Hutoa wimbi la ngazi ngazi linalolia kwenye spika kama panzi. Kwa mtu huyo, pawa saplai ya pembeni inayochomekwa kwenye inveta hiyo hiyo haina maana, maana kelele inaingia nayo. Atumie betri moja kwa moja, kwa kikuzio kinachokubali volti 12 za mkondo mnyoofu. Asome kwanza maandishi ya nyuma, kwa kuwa vingine vinataka mkondo geu na vinaweza kuharibika. Aweke na fyuzi. Na wakati wa kusikiliza aondoe chaja ya sola, kwani nayo ina kelele zake.

Jenereta lina balaa jingine, kubwa kuliko mvumo. Mashine nyingi za santuri zina mota inayofuata mizunguko ya umeme. Jenereta dogo la dukani likielemewa na mizunguko ikashuka kutoka 50 hadi 48, santuri hupungua mwendo kwa asilimia 4, na wimbo mzima hushuka zaidi ya nusu ya hatua ile iliyo kati ya kitufe kimoja cha kinanda na kinachofuata. Mwimbaji anazeeka ghafla, kisha mashine ya kusaga ikizimwa anakuwa kijana tena. Hakuna pawa saplai ya kikuzio itakayotibu hilo. Mashine yenye mota ya mkondo mnyoofu, iliyofungwa kwenye betri, hulitibu.

Wazee wenzangu hupenda kusema kuwa zile santuri za betri za miaka ya 1960 na 1970, zilizobebwa mkononi kama sanduku la nguo, zilikuwa safi kuliko za leo kwa sababu zilitumia betri. Nusu ya maneno hayo ni kweli. Zilikuwa kimya. Lakini vichwa vyake vilikuwa vya kioo cha chumvi au vya kauri, vinavyotoa mamia ya milivolti, hivyo hazikuhitaji kikuzio cha aina tunayoizungumzia. Tena vile vya chumvi viliharibiwa na joto na unyevu, na vyote vililalia santuri kwa uzito wa kutisha.

Na hapa nafika kwenye ugomvi wangu halisi na majarida yale. Kurasa zinamalizwa kwa pawa saplai, na sindano inapewa mstari mmoja. Mvumo wa umeme hauharibu kitu; ukiuondoa kesho, santuri iko vilevile. Sindano ya almasi hudumu kati ya saa 500 na 1,000, kisha hupata pande bapa zenye makali na kuanza kuchonga kuta za mfereji. Kinachochongwa hakirudi. Salum Abdallah alifariki mwaka 1965, Mbaraka Mwinshehe mwaka 1979, hawatarekodi tena. Nyimbo za bendi zetu zilizohifadhiwa kwenye kanda za Radio Tanzania zina bahati yao, lakini zipo santuri za Nairobi na Mombasa ambazo nakala ya mzee wa Biharamulo huenda ni mojawapo ya chache zilizobaki. Nilipoitazama sindano yake kwa kioo cha kukuzia, ilikuwa imekatika pembeni kama jembe la kale.

Nilimwandikia orodha. Sindano mpya kwa santuri ndogo na kubwa za plastiki. Sindano nyingine, pana zaidi, kwa zile nzito za mizunguko 78 za baba yake, maana mifereji yake ni mipana na sindano ya kisasa hutambaa chini kabisa kwenye takataka. Maji safi na sabuni kidogo kwa vumbi letu jekundu, ila zile za 78 asizifute kwa spiriti kamwe, kwa kuwa zitayeyuka. Betri anayo. Ndama mmoja alitosha kwa yote hayo. Tumeshanakili santuri 31, na mbili kati yake zina mikwaruzo ya zamani ambayo kompyuta imeshindwa kuiondoa, hivyo tumeziacha jinsi zilivyo.