Kumpisha Nyigu

Kulikuwa na saiba moja mjini Kakamega, upande wa barabara ya kwenda chuo kikuu. Siku hizi hapo wanauza vifuniko vya simu. Ilikuwa na kompyuta nane, feni moja iliyozunguka kwa kujikaza, na jamaa wa kaunta aliyekuwa amejaza gemu za zamani kwenye kompyuta namba sita. Ukilipa ya nusu saa na ukae kimya, hakuulizi unafanya nini. Hapo ndipo mimi na binamu yangu tulipokutana na Zinger. Tulikuwa tumechelewa zaidi ya miaka kumi, maana watoto wa Marekani na Uingereza walianza kuumwa naye mwaka 1994. Lakini nyigu ni nyigu. Alitupokea vilevile.

Kwa ambaye hajawahi kucheza: Zinger ni nyigu wa gemu za Donkey Kong Country, mfululizo ulioundwa na kampuni ya Rare ya Uingereza kwa ajili ya mashine ya Super Nintendo. Hadithi yenyewe ni nyepesi. Mamba wanaoongozwa na King K. Rool wameiba ndizi, na gorila pamoja na rafiki yake tumbili wanazifuata. Unakimbia kutoka kushoto kwenda kulia, unaruka, unamkanyaga adui kichwani, anaanguka, unaendelea. Mamba unamkanyaga. Tai unamkanyaga. Halafu unafika penye nyigu mnene mwenye miiba mgongoni, anaelea tu hewani, na wewe unafanya ulichofundishwa. Unaruka. Safari hii anayeumia ni wewe.

Mashabiki wengi wa mfululizo huu wanamchukia. Wanasema ni kero, ni miiba iliyowekewa mabawa, amewekwa pale ambapo ungetua kama waliotengeneza gemu wangekuwa na utu. Hata mimi nimewahi kumtukana, tena kwa sauti, hadi jamaa wa kaunta akatishia kututoa. Lakini nimeirudia gemu hii mwaka huu, kwenye simu, usiku stima ikiwa imepotea na betri ikiwa asilimia kumi na tisa, na nimefikia uamuzi mwingine. Zinger ndiye adui aliyebuniwa vizuri kuliko wote katika mfululizo huu. Na sababu ni kwamba, ukimtazama vizuri, si adui.

Hebu tumwangalie anavyofanya kazi. Mamba hutembea kuja kwako. Zinger hana haja na wewe. Wengine wamesimama mahali pamoja, wengine wanapanda na kushuka, wengine wanakwenda kushoto na kulia, wengine wanazunguka duara. Kila mmoja ana njia yake, na haiachi. Hakufuati ukikimbia. Hakungoji ukichelewa. Ukipita salama, hageuki kukutazama. Ukimgusa, ni kwa sababu wewe umeingia njia yake. Kwa hiyo swali analokuuliza ni tofauti na la mamba. Mamba anauliza: una nguvu? Zinger anauliza: umeona ninavyokwenda?

Binamu yangu alilielewa hili kabla yangu. Yeye alikuwa mzito kwenye vitufe lakini alikuwa na macho. Nikishika kibodi mimi, yeye anakaa pembeni, mkono begani kwangu, anahesabu nyigu akipanda na kushuka. "Subiri. Subiri. Sasa!" Nikiruka kwa neno lake, tulipita. Nikiruka kwa kichwa changu, tulirudi mwanzo na shilingi zetu zikaendelea kuhesabiwa kwenye kona ya skrini.

Gemu nyingi za kuruka hukufundisha kwamba dunia ni vichwa vya kukanyagwa. Zinger anasimama katikati ya somo hilo na kusema hapana, mimi nitabaki hapa, na wewe unaweza kupita. Yaani anakunyima ushindi halafu anakuachia njia. Hilo ni jambo adimu kwenye gemu, na nadhani ni adimu nje ya gemu pia.

Tatizo ni kwamba Rare wenyewe hawakumwamini. Wamekupa mapipa ya kumrushia, na likimpata anakwisha. Wamekupa Rambi, faru wa kupanda, anayempiga kwa pembe kama vile hakuna miiba. Na mwishoni mwa eneo la Vine Valley wamemweka malkia, Queen B., nyigu mkubwa kabisa unayepaswa kumpiga kwa pipa, ambaye akipigwa anageuka mwekundu na kuvamia kwa hasira. Hapo Zinger anapoteza kilichomfanya awe Zinger. Amekuwa bosi kama bosi mwingine yeyote, anakasirika, anakuja, unampiga hadi achoke. Yule nyigu wa kawaida anayepanda na kushuka karibu na kamba, bila jina, ana heshima zaidi.

Gemu ya pili, ya mwaka 1995, ndiyo iliyompa nyumba. Kuna hatua nzima ndani ya mizinga mikubwa, na muziki wa David Wise unaoifanya hofu ionekane kama kitu cha kucheza ngoma. Kuta zimepakwa asali. Unarukia ukuta, unanata, unaruka tena, unapanda. Sakafu nayo ikiwa na asali, miguu inakuwa mizito. Ni wazo zuri sana la kucheza. Ila mtu aliyekulia karibu na Msitu wa Kakamega hawezi kukaa kimya: asali ya nani? Nyigu tunaowajua sisi, hawa wa chini ya paa, hawana asali. Wahenga walisema fuata nyuki ule asali, na hakuna aliyewahi kusema fuata nyigu. Kandokando ya msitu wetu wapo watu wanaofuga nyuki wadogo wasiouma kabisa, na asali yao hutafutwa kama dawa. Kwa hiyo kwetu kuna asali isiyo na mwiba, na kuna mwiba usio na asali. Rare wamewachanganya wote wakawa mdudu mmoja, tena mnene pande zote. Kiswahili kikimsifu mtu kwa kiuno, kinamwita nyigu. Zinger hana kiuno hata kidogo.

Unaweza kusema huo ni uchambuzi wa mtu asiye na kazi. Lakini kosa hilo lina maana. Ukimpa nyigu asali, umempa mchezaji sababu ya kuvamia. Nyumba yake inakuwa ghala la kuporwa. Nyigu halisi hana cha kukupa, na ndiyo maana njia pekee ya busara ya kukutana naye ni kumpisha.

Hatua ninayoipenda zaidi inaitwa Rambi Rumble. Unageuka kuwa faru ndani ya mzinga, unawasambaratisha nyigu kushoto na kulia, unajiona mkubwa. Halafu anatokea King Zing, nyigu mkubwa kuliko wewe, na faru mzima anageuka kuwa mtu wa kukimbia. Unakimbia tu. Wamarekani na Waingereza labda walicheka. Hapa Kenya jambo hilo lina ushahidi. Mwaka 2007 mtafiti Lucy King na wenzake walionyesha kwamba tembo wakisikia sauti ya nyuki iliyorekodiwa, wanaondoka mbio. Leo huko Sagalla, karibu na Tsavo, wakulima hutundika mizinga kwenye waya kuzunguka mashamba yao ili tembo wasiingie. Tani kadhaa za mnyama zinasimamishwa na kitu unachoweza kufunika kwa kidole gumba. Wabunifu wa Rambi Rumble, bila kujua, walikuwa wamechora hofu ya kweli.

Sasa niseme kwa nini nyigu huyu ananihusu zaidi ya gemu.

Likizo ya Desemba tulipelekwa kwa kukhu, Shinyalu. Chini ya paa la jikoni lake, juu kidogo ya mlango, kulikuwa na kiota cha nyigu, kile cha kama karatasi, kinachoning'inia kichwa chini. Kukhu alikuwa akiingia na kutoka siku nzima na sufuria, na kuni, na maji, na hajaumwa. Alikuwa akiinamisha kichwa kidogo tu. Hata hakujua kwamba anainama. Mimi niliona kitu kingine. Niliona hatua ambayo haijakamilika. Nilikuwa na umri wa kuamini kwamba kitu kilichokaa juu ya mlango kimewekwa hapo ili nikiondoe.

Nilimwambia binamu yangu ashike mwenge wa majani makavu, mimi nitashika kijiti cha kuangushia. Alikataa kwanza. Alisimama pale akiwatazama, na nakumbuka kabisa alichosema: "Subiri." Sikusubiri. Nilipiga.

Kwenye Donkey Kong Country mnakwenda wawili. Ukiguswa mara moja, mmoja wenu anatoweka kwenye skrini na mwingine anaendelea peke yake, na ukipata pipa lenye maandishi ya DK anarudi, mzima, anacheka. Hakuna damu, hakuna kelele. Kwa kukhu mambo hayakuwa hivyo. Mimi nilikimbia hadi kwenye migomba. Binamu yangu hakutoweka. Alibaki pale mlangoni na mwenge umeanguka, akipiga mikono hewani, akiliita jina langu. Jicho moja lilifumba siku tatu. Kukhu alimpaka alichompaka, akamlaza, kisha akatoka nje kunitafuta. Hakunichapa. Alinyanyua kile kiota kilichoungua nusu, akakipasua kwa ukucha, akanionyesha ndani. Kulikuwa na vyumba vidogo, na watoto weupe, na kijibonge cha kijani kilichotafunwa.

"Mwana wanje, unajua hiki ni nini?"

Nikasema sijui.

"Ni kiwavi wa sukuma yangu. Hawa wamekuwa wakinifanyia kazi. Wewe umewafuta."

Nilidhani anatania. Baadaye nilisoma na kukuta kukhu alikuwa sahihi: nyigu wa aina ile huwinda viwavi, huwatafuna na kuwalisha watoto wao. Kiota kimoja hakiokoi shamba zima, lakini kila kiwavi aliyebebwa ni jani lililobaki.

Halafu nikakuta jambo lililonifanya nicheke peke yangu kwenye matatu. Kule Duduville, Kasarani, iko taasisi ya icipe, iliyoanzishwa mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, kazi yake ikiwa kuwasoma wadudu. Mwaka 1993 wanasayansi wake walianza kuachilia katika mashamba ya pwani ya Kenya nyigu mdogo kuliko punje ya mchele, Cotesia flavipes, aliyeletwa kutoka Pakistan. Nyigu huyu hutaga mayai ndani ya funza wanaotoboa mabua ya mahindi, na watoto wake humla funza kutoka ndani. Funza wenyewe walikuwa wamefika huku kutoka Asia na kuwatesa wakulima kwa miaka mingi. Fikiria tarehe hizo. Mwaka 1993 Kenya inamwachilia nyigu shambani kama rafiki. Mwaka 1994 Rare inamwachilia nyigu kwenye skrini za dunia kama adui. Sisi watoto wa Kakamega tuliupata ujumbe wa pili kwanza. Saiba ilikuwa karibu kuliko Kasarani.

Silaumu gemu kwa jicho la binamu yangu. Kijiti kilikuwa mkononi mwangu. Tena nadhani gemu ilijaribu kunionya: iliniwekea mdudu mmoja asiyekanyagika, ikamrudia mara mia, na kila mara jibu lilikuwa lilelile, tazama njia yake, kisha pita. Ni mimi niliyejifunza kutoka kwa pipa na faru badala ya kujifunza kutoka kwa nyigu. Ndiyo maana nasema kosa la Rare ni kumpa Zinger dawa. Angebaki bila dawa, mchezaji angelazimika kuishi naye.

Baadaye walimtoa. Katika gemu ya tatu, mwaka 1996, nafasi yake ilichukuliwa na Buzz, kidude cha chuma chenye msumeno. Alirudi kwenye Donkey Kong 64 mwaka 1999, na mfululizo ulipofufuliwa mwaka 2010 na Retro Studios wa Marekani, hakuwemo. Buzz ni hatari kama Zinger lakini hana fumbo. Msumeno ni msumeno. Hauna watoto nyumbani.

Desemba iliyopita nilimpelekea binamu yangu simu yenye gemu ileile. Sasa ana mtoto wa kwake, na ukimtazama karibu utaona kope moja imelegea kidogo, ingawa yeye husema amezaliwa nayo. Tulikaa nje ya jikoni kwa kukhu. Kiota kipya kiko palepale juu ya mlango, na mwanawe alikuwa akiingia na kutoka, akiinamisha kichwa bila kujua. Nilifika penye nyigu wawili wanaopishana juu ya shimo, kidole kikaanza kuwasha kuruka. Binamu yangu aliniwekea mkono begani.

"Subiri," akasema.

Safari hii nilisubiri.