Mnyama Aliyefichwa katika Noti

Miongoni mwa sanaa zilizoachwa nje ya mlango wa uhakiki imo hii ya kukunja noti mpaka ikawa mnyama. Wenye kuheshimu sanaa ya kukunja karatasi huiona kuwa mchezo wa mezani baada ya chakula; wenye kuheshimu fedha huiona kuwa utovu wa adabu. Hukumu zote mbili zimetolewa kwa haraka. Mtu atazamapo samaki aliyekunjwa kwa dola moja ya Marekani, mwenye magamba, mapezi na jicho, hali karatasi yenyewe haikukatwa wala kutiwa gundi, hana budi kujiuliza swali lile lile ambalo msomaji wa mashairi hujiuliza: je, uzuri huu umezaliwa na uhuru wa fundi, au umezaliwa na kifungo chake?

Asili ya ufundi huu mkubwa ni Ujapani, na jina lake la origami ni la Kijapani, limeungwa kwa maneno mawili, la kukunja na la karatasi. Yamkini wengi hudhani kwamba masharti yake makali, yaani karatasi moja ya mraba, bila mkasi, bila gundi, yametoka kale na kale. Sivyo. Kitabu cha Kijapani cha mwaka 1797 kilichofundisha kukunja korongo wengi waliounganika kiliruhusu karatasi ichanjwe, kwani bila ya kuchanja korongo wale wasingalipatikana kwa namna ile. Ukali wa masharti ni jambo la zama za karibu. Katika mwaka 1954 fundi Akira Yoshizawa, aliyezaliwa 1911 na kufariki 2005, alitoa kitabu kilichoeneza alama za mistari na vishale, hata mtu asiyejua neno moja la Kijapani akaweza kusoma mkunjo na kuurudia kwa mkono wake. Ni jambo la kupendeza kwamba mwaka ule ule wa 1954, katika Afrika Mashariki, Sheikh Kaluta Amri Abedi alitoa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi. Watu wawili wasiojuana, mmoja akiandika sheria za vina na mizani, mwingine akiandika alama za mikunjo. Na kila mmoja alikuwa akilitia katika maandishi jambo lililokuwa likipita kutoka mkono hadi mkono na kutoka kinywa hadi kinywa.

Sanaa ilipofika nchi za Magharibi ilipokewa kwanza na watu wa mazingaombwe. Houdini alitoa kitabu cha maajabu ya karatasi katika mwaka 1922. Robert Harbin, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekuwa mfanya mazingaombwe mashuhuri Uingereza, akafuata na chake 1956. Katika 1958 Lillian Oppenheimer alianzisha kituo cha origami mjini New York. Kisha, katika mwaka 1963, kikatoka kitabu cha Adolfo Cerceda, Mwargentina aliyepata riziki yake jukwaani kwa kurusha visu, nacho kilihusu kukunja fedha peke yake. Nasaba hii haifai kusahauliwa. Mtu wa jukwaani hana meza ya karatasi za rangi mbele yake. Ana watazamaji, na kila mtazamaji ana noti mfukoni. Kuazima noti ya mtu, kuigeuza ndege mbele ya macho yake, kisha kumrudishia mali yake kamili, ni tendo la mazingaombwe kabla ya kuwa tendo la uchongaji. Harufu ya jukwaani haijaitoka sanaa hii mpaka leo, na ndiyo iliyowafanya wasafi wa origami waikunjie uso.

Walakini noti ina jambo ambalo mraba hauna, nalo ni kipimo kisichochaguliwa na fundi. Dola ya Marekani ina urefu wa inchi 6.14 na upana wa inchi 2.61, yaani karibu saba kwa tatu. Mwenye mraba ana pembe nne zilizo sawa kwa umbali kutoka kiini, na kila pembe huweza kuvutwa ikawa bawa, shingo au mkia. Ndiyo maana korongo wa Kijapani humzalika ndani ya mraba kana kwamba alikuwamo tangu mwanzo. Katika noti pembe zimekaa mbili mbili, mbali mbali, na katikati yake kuna uwanja mrefu. Miguu ya mbele na ya nyuma hupatikana kwa urahisi. Kichwa na mkia ndivyo vinavyoleta dhiki, kwa sababu hakuna pembe iliyobaki, na karatasi yao sharti inyang'anywe kiwiliwili. Kwa hiyo noti hupenda wanyama warefu, wa jamii ya samaki, nyoka, mamba na kenge. Fundi amtakaye mnyama wa mviringo hushindana na karatasi, na mara nyingi ushindi wake huonekana katika unene usiopendeza wa tumbo, palipojificha mabaki yote ambayo hakujua ayapeleke wapi.

Mtunzi wa shairi la mizani kumi na sita anaielewa dhiki hiyo. Neno lililo zuri likizidi kwa silabi moja hutupwa, na lile linaloingia tu ili kujaza nafasi hujulikana na msomaji hata likivishwa nguo gani. Mabaki ya karatasi tumboni mwa tembo wa noti ni ndugu wa neno la kujazia. Hapa yafaa kutaja pia kwamba noti ya Kijapani ya yeni elfu moja ina milimita 150 kwa 76, yaani karibu miraba miwili iliyolazwa ubavu kwa ubavu, mfano wa mstari wenye vipande viwili vilivyo sawa. Kwa mkunjaji tofauti hiyo si ndogo: mkunjo uliotungwa kwa dola hauhamii kwenye yeni bila kuvunjika mahali fulani.

Kipimo, hata hivyo, ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili ni chapa. Karatasi ya origami huwa tupu, au ina rangi moja upande huu na nyeupe upande ule. Noti imejaa maneno, tarakimu, nakshi, muhuri na uso wa mtu. Wakunjaji wamegawanyika juu ya jambo hilo, ingawa si wote wanaokiri. Wako wanaoichukulia chapa kuwa uchafu usioondoka. Kazi zao huwa za ustadi mwingi, na kitabu cha John Montroll cha wanyama wa dola, kilichotoka mwaka 2000, ni hazina kwa mwenye kutaka kujua jinsi miguu minne, pembe na masikio vinavyoweza kutolewa katika mstatili ule mwembamba. Lakini wanyama wa namna hiyo, kwa sehemu kubwa, wangeweza kukunjwa kwa karatasi tupu ya kipimo kile kile wasipungukiwe na kitu. Noti kwao ni kipimo tu. Walio chini zaidi ni wale wanaoanza kwa kuikunja noti ikawa mraba, wakaficha kilichozidi, kisha wakamfanya korongo wa kila siku. Hao wameazima vazi la fedha ili kazi ya kawaida itazamwe mara mbili.

Won Park, fundi wa Hawaii, ni wa upande mwingine. Samaki wake wa dola, yule koi wa mabwawa ya Kijapani, ndiye aliyeifanya sanaa hii ijulikane mbali na duara la wajuzi. Magamba yake yametolewa kwa mikunjo midogo inayokatana kama wavu. Na ajabu yake si wingi wa mikunjo, bali ni kwamba nakshi iliyochapwa imefika mahali inapohitajika, hata kipande cha chapa kikawa jicho. Mchongaji wa sahani ya kuchapia hakuwaza samaki. Alichora mapambo ya kuwatisha waghushi, mistari myembamba isiyoigika kwa urahisi. Mkunjaji ameisoma mistari hiyo kinyume cha nia ya aliyeichora, akaikuta ndani yake ngozi ya mnyama wa majini. Huko ndiko kusoma. Mhakiki wa fasihi anayedai kwamba kazi kama hii haimhusu amesahau kazi yake mwenyewe ni ipi.

Kwa hoja hii, kazi iliyo bora kuliko zote huenda si mnyama kabisa. Katika noti ya yeni elfu moja iliyotolewa mwaka 2004 palikuwa na sura ya Hideyo Noguchi, tabibu mchunguzi wa vijidudu. Msanii Yosuke Hasegawa aliikunja noti hiyo hata karatasi yote ikawa kilemba, na chini ya kilemba ukabaki uso wa Noguchi, mzito, mwenye masharubu, ukimtazama mtu bila kutabasamu. Hakuna kilichoongezwa. Mtukufu wa serikali amegeuka msafiri wa nchi za mbali kwa mikunjo michache. Kichekesho hicho kina mzizi wa kweli ambao watazamaji wengi hawaukumbuki: Noguchi alikuwa msafiri kweli, na safari yake ya mwisho ilimleta Afrika. Alikuja Accra kuchunguza homa ya manjano, ambayo aliamini, kwa kosa, kwamba aliwahi kukipata kijidudu chake. Akaambukizwa homa hiyo hiyo, akafa huko mwezi wa Mei 1928. Mwenye kuijua habari hiyo hawezi kukitazama kilemba kile akacheka tu. Mwenye kutoijua atacheka, na hana kosa.

Liko shutuma moja ambalo ni zito kuliko yote, nalo ni kwamba watu humpenda mnyama wa noti kwa sababu ya noti. Mtoe dola, mpe gazeti, upendo utapoa. Yafaa kukubali kwamba shutuma hili lina ukweli ndani yake, kisha kuuliza ukweli huo unabomoa nini. Fedha huonekana na kutolewa kwa namna nyingi, na kila namna ni usemi. Mjapani apelekaye fedha harusini au msibani haitoi uchi. Huitia katika bahasha iliyokunjwa kwa kaida na kufungwa uzi maalumu, na karatasi husema adabu ambayo fedha haiwezi kusema. Katika taarabu ya Pwani na Unguja mambo ni kinyume: mwenye kutunza huinuka, akaiinua noti juu, akaenda nayo kwa mwendo wa madaha mpaka kwa mwimbaji, na kila mtu ukumbini anajua ubeti ule umemgusa nani na umemchoma nani. Noti haikufichwa, imefanywa bendera. Noti iliyokunjwa mnyama imesimama baina ya desturi hizo mbili. Inaonekana, wala haitumiki. Aliyepewa amefungwa mkono: akitaka kununua mkate sharti amuue samaki, na akitaka kumhifadhi samaki sharti aukose mkate. Gazeti lililokunjwa halimtii mtu katika shauri hilo. Basi thamani ya fedha si pambo lililobandikwa juu ya kazi. Ni mojawapo ya vitu ambavyo kazi imefanyiwa, kama vile maana ya neno ilivyo sehemu ya shairi na si sauti yake pekee.

Wala haifai kusema kwamba mkunjaji ameiharibu fedha. Sheria ya Marekani humkataza mtu kuikata au kuitoboa noti kwa nia ya kuifanya isifae kutolewa tena. Noti iliyokunjuliwa hupokewa dukani ikiwa na makunyanzi yake. Jambo la kuhofiwa ni jingine, nalo ni la mada yenyewe. Dola hutengenezwa kwa pamba asilimia 75 na kitani asilimia 25, ndiyo maana hustahimili kukunjwa na kukunjuliwa mara nyingi isichanike. Noti za Kijapani zina nyuzi za mmea wa mitsumata, unaotumika pia kwa karatasi za jadi za nchi ile. Lakini tangu Australia ilipotoa noti ya plastiki mwaka 1988 nchi nyingi zimeifuata, Uingereza nayo ikianza na pauni tano mwaka 2016. Plastiki haikumbuki mkunjo, ikiachwa hufunguka. Kwa mkunjaji ni kama kupewa lugha isiyo na vina.

Tanzania ingali na noti za karatasi, na katika baadhi yake mnyama hahitaji kukunjwa kwa kuwa amekwisha kuchapwa: katika noti zilizotolewa tangu 2003 simba amekaa katika elfu mbili, kifaru katika elfu tano, tembo katika elfu kumi. Tembo aliyekunjwa kwa noti ya tembo, picha iliyochapwa ikiangukia ubavuni mwa umbo lililokunjwa, angekuwa jaribio gumu, na kwa fundi asiyejali chapa angekuwa aibu, kwani macho ya mtazamaji yangeona tembo wawili wanaogombana.

Ugumu wa namna hiyo umekwisha kuwafika wanaokunja kilemba. Mwezi wa Julai 2024 Ujapani ilitoa noti mpya ya yeni elfu moja, na uso wa Noguchi ukapisha uso wa Shibasaburo Kitasato. Huyu ndiye aliyekuwa mkuu wa taasisi ya maradhi ya kuambukiza ambamo Noguchi alifanya kazi ujanani mwake. Noti za zamani zingali halali, lakini hazichapwi tena, na kila mkunjo uliopimwa kwa paji la uso na masharubu ya mwanafunzi hauna budi kupimwa upya kwa sura ya mkubwa wake.