Pengo la Msikilizaji: Video za Muziki Katika Televisheni na Upokezi wa Bongo Fleva, kwa Mtazamo wa Matai

Uhakiki wa Bongo Fleva mara nyingi huyachukulia maneno ya wimbo kuwa matini kamili, na video kuwa pambo lake. Makala hii inapinga mtazamo huo. Kwa kutumia Nadharia ya Upokezi, hususan dhana ya Wolfgang Iser kuhusu mapengo ambayo msomaji huyajaza mwenyewe, inajengwa hoja kwamba video huhamisha pengo la wimbo na hivyo kuubadili wimbo wenyewe.

Katika ngoma za asili, zikiwemo za Ufipa, sauti na mwili havitengani, na mtazamaji aweza kuingia uwanjani akacheza. Redio ndiyo iliyovitenganisha. Kabla ya vituo binafsi kuanza miaka ya 1990, msikilizaji wa Redio Tanzania Dar es Salaam aliyekuwa Matai, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka studio, alipokea sauti tu. Sura ya mwimbaji, ukumbi na uchezaji aliviumba mwenyewe. Televisheni, iliyoanza Zanzibar mwaka 1973 na Tanzania Bara mwaka 1994, ilirejesha kuona bila kurejesha uwanja.

Wimbo “Starehe” wa Ferooz, aliomshirikisha Profesa Jay, unathibitisha hoja hii. Msimulizi wake ni mgonjwa wa UKIMWI anayejutia maisha ya anasa. Redioni, nafsi hiyo ya kwanza haina sura: kijana wa Matai aweza kuisikia kama sauti ya jirani, ya kaka yake, au yake mwenyewe, na hapo ndipo onyo linapochoma. Video huipa nafsi hiyo mwili na mandhari. Mtazamaji huyaona maradhi na huruma yake huongezeka, lakini hupata pia nafasi ya kujitenga nayo, kwa kuwa mgonjwa sasa ni mtu mwingine, wa mahali pengine.

Hata hivyo, haifai kuhitimisha kwamba video huua ubunifu wa hadhira. Katika vibanda vya video, ambako wengi hutazama pamoja, watazamaji hubishana, hutoa maoni na huiga mitindo ya uchezaji. Pengo lililozibwa machoni hufunguka tena katika mazungumzo na miguuni.

Kinachopotea zaidi ni mahali. Wimbo wa mapenzi uliosikika redioni uliweza kutendeka kwenye barabara ya Sumbawanga–Kasanga au kando ya shamba la mahindi. Video huuweka aghalabu mjini, na Ufipa hubaki kutazama tu. Kwa hiyo wimbo uliosikika na wimbo uliotazamwa vichambuliwe kama matoleo mawili, kama ifanyikavyo kwa masimulizi ya fasihi simulizi. Mhakiki anayenukuu maneno peke yake hana budi kubainisha ni toleo lipi analolihakiki, na lilipokelewa na nani.