Tarehe Isiyopiga Kelele

Katika kazi ya kusaka hitilafu kwenye kurasa za wavuti zilizoandikwa kwa Java, XML hukupa taarifa mapema. Tangu kanuni zake zilipotolewa mwaka 1998 msimamo wake ni ule ule: hati yenye kasoro haisomwi. Andika jina la duka lenye alama ya & bila kuigeuza kuwa &amp; na programu itasimama papo hapo.

Kuna mtego wake mmoja ambao kila mwanafunzi lazima aupitie. Ujumbe unakuja ukililalamikia neno xml lililo juu kabisa ya hati, na neno lenyewe ukilitazama halina kosa. Fundi mzoefu haligusi. Anafungua chanzo cha ukurasa jinsi kilivyofika kwenye kivinjari, anakuta tamko la XML limeanza mstari wa tatu. Ile mistari miwili mitupu ya juu imeachwa na amri za kutangaza tagi, na XML haikubali hata nafasi moja itangulie tamko lake. Anaongeza trimDirectiveWhitespaces="true", ukurasa unafunguka. Naupenda sana ustadi huu wa kutazama kinachotangulia neno kabla ya kulilaumu neno.

Lakini ustadi wenyewe hasa hupimwa kwa tarehe, kwa sababu tarehe hukosea kimya kimya. Ipe fmt:formatDate, tagi ya kupangia tarehe, herufi mm badala ya MM, nayo itachapa dakika mahali pa mwezi bila kulalamika. YYYY badala ya yyyy hupita salama karibu mwaka mzima, kisha 30 Desemba 2024 ikaandikwa 30 Desemba 2025, maana herufi kubwa huhesabu mwaka kwa wiki zake.

Chukua mtoto wa Makunduchi, Unguja, aliyezaliwa 13 Julai. Karani wa Mjini anaingiza tarehe ile, na programu inaihifadhi kama saa sita ya usiku wa kuamkia siku hiyo kwa saa za Afrika Mashariki. Seva iko Ulaya, inahesabu kwa UTC, iliyo nyuma yetu kwa saa 3. Kwake bado ni 21:00 ya tarehe 12. Ukurasa unatoka safi, umepangika, na siku ya kuzaliwa si yake. Aliye makini huiambia tagi wazi kwamba ukanda wa saa ni Africa/Dar_es_Salaam. Aliye makini zaidi huihifadhi siku ya kuzaliwa kama LocalDate, tarehe tupu isiyobeba saa, akijua kuwa fmt:formatDate haiipokei aina hiyo na itambidi aipange mwenyewe kabla haijafika ukurasani.

Mtoto wa Unguja ameyazoea haya kabla hajagusa kompyuta. Tiketi ya boti inasema 07:00, na nyumbani anaambiwa awahi bandarini Malindi kabla ya saa moja asubuhi. Usiku wa Ijumaa kwake ni ule unaoutangulia mchana wa Ijumaa, kwa kuwa siku huingia magharibi. Ramadhani husubiri mwezi uandame. Sherehe ya Mwaka Kogwa ya Makunduchi hufuata hesabu ya jua na huangukia Julai. Hesabu zote hizo zinaishi nyumba moja, na mtu mzima haachi kuuliza: kwa hesabu ipi? Ndilo swali ambalo kila mwandishi wa programu angepaswa kuiuliza tarehe yoyote inayopita mikononi mwake, na naamini vijana wetu wana haki ya kuwa mabingwa wa jambo hili.

Java 8 haikutoa majina ya miezi kwa Kiswahili mpaka uilazimishe. Java 9, mwaka 2017, ikaanza kuyatoa yenyewe. Saa yetu bado. Katika herufi zote za kupangia muda hakuna inayogeuza 07:00 kuwa saa moja asubuhi. Hesabu yake ni nyepesi: ongeza 6, na kila jibu linapozidi 12 punguza 12. Nyinyi mnaosoma kompyuta pale Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA), iandikeni tagi ya kuifanya hesabu hiyo, muijaribu kwa alfajiri na kwa usiku wa manane, kisha muiachie wazi kila mtu aitumie.