Jina «Metodisti»: maana yake na asili yake

Hapa Kisangani tunaishi karibu na ndugu Wametodisti. Tunasoma nao, tunazika nao. Lakini ukimwuliza mseminari maana ya jina lao, anaweza kujibu: «Ni watu wa metode», kama alivyosikia katika Kifaransa cha shule. Jibu hili si uwongo, lakini halitoshi.

Neno ni la Kiyunani: meta, maana yake nyuma ya kitu, hodos, maana yake njia. Ndiyo kusema: kuifuata njia. Wakristu wa kwanza nao, katika Matendo ya Mitume, wanaitwa watu wa Njia.

Jina lilianza katika shule kubwa ya Oxford, Uingereza. Mwaka wa 1729 Charles Wesley, kisha kaka yake John, na rafiki wachache walikusanyika kusoma Agano Jipya katika Kiyunani. Walifunga chakula Jumatano na Ijumaa, walipokea Komunyo kila juma, na tangu mwaka wa 1730 waliwatembelea wafungwa. Wenzao wakawacheka, wakawaita Wametodisti. Mwaka wa 1742 John aliandika wazi kwamba hawakujichagulia jina hilo. Tusishangae: jina la Wakristu lilitoka kwa watu wa Antiokia, na jina la Wayezuiti lilikuwa kwanza la kuwadharau.

Tena, mafungo yale ya siku mbili yalitoka katika Eklezya ya kale. Na kitabu cha Thomas a Kempis, Kumfuasa Kristu, ambacho waseminari wetu wanakijua, John alikitoa kwa Kiingereza mwaka wa 1735. Basi, anayelicheka jina hili anaicheka kengele ya seminari yake mwenyewe.

Lakini jina linasema nusu tu. Utaratibu ule wote haukumpa John amani. Tarehe 24 Mei 1738, kule London, akisikiliza maneno ya Luther juu ya Barua kwa Waroma, alisikia moyo wake unapata moto, akajua kwamba Kristu amemwondolea zambi zake. Kwa hiyo hatukubali wanaotafsiri «watu wa utaratibu»: wanatupa njia, wanaacha moto. Afazali tuseme Metodisti, kisha tueleze yote mawili.

Kwetu Kongo jina lilifika kwa miguu kweli. Askofu Walter Lambuth na John Wesley Gilbert, Mmarekani mweusi, mwalimu wa Kiyunani, walitembea kutoka Luebo, wakafika Wembo Nyama mwaka wa 1912. Misioni ilifunguliwa mwaka wa 1914.

Wakatoliki na Walutheri walipatana mwaka wa 1999 juu ya neema inayomfanya mtu kuwa mwenye haki mbele ya Mungu. Wametodisti wakajiunga nao mwaka wa 2006. Wandugu, padri atakayehubiri kesho mbele ya jirani hao, ajue kwanza kuwaita vizuri. Kumwita mtu kwa jina usilolielewa ni kumwita nusu.