Chasing Coral: kulia tumelia, na kulea?

Bandugu, hii filamu inazunguka mu matelefone yetu tangu mwezi jana, na kila mutu anaandika paka: nililia. Miye pia nililia. Halafu nikaiangalia mara ya pili na daftari mukononi, kama tulivyozoea ku shamba ya majaribio, na sasa niko na neno.

Ni filamu ya 2017, ya Jeff Orlowski, ule alifanyaka Chasing Ice mu 2012. Kikundi kinataka kuonyesha namna matumbawe (korali, kama tunavyosema) yanakufa juu ya joto ya bahari. Banatega makamera chini ya maji, picha zinaharibika. Basi mu 2016 banaenda Australia, na banaanza kupiga picha kwa mukono, kila siku, pale pale. Hapo filamu inakuwa kubwa kweli. Matumbawe yanageuka meupe, halafu yanaoza. Yale laini yanamenyuka vipande vipande ndani ya maji. Korali ni nyama, hapana mumea, lakini ndani ya mwili yake kunaishi mwani mudogo sana unaoilisha. Sisi wa agro tunajua ndoa kama hii: maharagwe na bakteria za mizizi yake. Joto ikizidi, korali inafukuza mwani, na njaa inaimaliza.

Mwenye kupiga zile picha ni Zack Rago, kijana wa akwariamu kabla ya kuwa mutu wa kamera. Njo hapo nagombana na filamu. Inatuonyesha machozi yake, na ni machozi ya kweli, lakini kazi yake ya kulea inaipita mbio mbio. Kumbe kule njo kuna masomo!

Wafugaji wengi banaanzaka na matumbawe ya ngozi, Sarcophyton, yenye sura ya uyoga. Banasema ni rahisi. Rahisi namna gani? Chumvi gramu 35 hivi kwa litre, joto karibu 25, mwangaza wa kadiri, maji yenye kutembea saa zote. Delestaji ya usiku moja ndefu inaweza kuleta kilio. Siku ingine uyoga unajifunga, unavaa ngozi ya kungʼaa kama nta, na mwenye kuanza anafikiri umekufa, anautupa. Ulikuwa unabadilisha ngozi tu! Angengoja siku chache, angeuona unafunguka musafi. Tena una sumu yake: unaimwaga mu maji kuzuia majirani wenye mifupa, njo maana banaweka makala ya kusafisha maji. Ukitaka kuuzalisha, unakata kipande na wembe, unakifunga ku jiwe, kinashika. Ni muhogo kabisa.

Na shaba kidogo tu mu maji inaumaliza. Nani angeelewa hii kupita mutoto wa Lubumbashi, mwenye kuona namna udongo wa Penga Penga ulibakia uchi chini ya moshi wa kiwanda?

Filamu ingekaa hapo dakika kumi, tungetoka na kitu. Badala yake mwisho unageuka tangazo, muziki unapanda, tunaambiwa tumaini lipo. Richard Vevers, mwenye kuanzisha ile safari, alitoka mu kazi ya matangazo, na inaonekana. Tena haikai ku pwani ya Waswahili, wakati mu 1998 joto ya namna ile ile iliua matumbawe mengi ya Tanzania na ya Kenya (ile ya Mombasa, hapana komini yetu).

Sitaki kusema ni filamu mubaya. Kurudi kila siku mahali pamoja, kuhesabu kinachokufa bila kugeuza macho, ni sayansi, na ni uvumilivu ambao mu mémoire zetu wengi tuliuruka.

Naandika juu komite yetu inatayarisha video ya miombo. Nilisoma mupango: musitu unakatwa, magunia ya makala yanapakiwa ku baiskeli, bibi analia, muziki, mwisho. Ni Chasing Coral bila bahari. Bapendwa, kabla ya kupiga picha ya kwanza, twende ku pepinieri. Tumupige mulinzi anapomwagilia miche ya miombo asubuhi, ile inayokauka na ile inayoshika. Kamera iko, na mvua haijaanza.