Tundu la Paka: Kazi Iko Kwenye Mlango

Mwaka 1598 Kanisa Kuu la Exeter, kusini-magharibi mwa Uingereza, liliwalipa maseremala peni 8 wakate tundu kwenye mlango ulio chini ya saa kubwa ya kanisa. Askofu wa wakati huo, William Cotton, alikuwa na paka, na nyuma ya mlango ule kulikuwa na mitambo ya saa ambayo kamba zake zilipakwa mafuta ya wanyama. Panya walizifuata kamba hizo kwa bidii. Tundu lingalipo hadi leo, la mviringo, karibu na sakafu, bila kifuniko wala bawaba. Kanisa lenyewe halikuwa geni kwa jambo hilo, kwani vitabu vyake vya hesabu vinaonyesha peni 13 zikitolewa kila robo mwaka kwa ajili ya paka tangu 1305 hadi 1467.

Kwa jicho la ufundi, kazi ile ilikuwa nyepesi. Mlango ulikuwa wa ndani, kwa hiyo mvua na upepo havikuufikia, na aliyetakiwa kupita alikuwa paka wa nyumbani kwa askofu. Hapakuwa na mtu wala mnyama wa kuzuiwa, ndiyo maana tundu tupu lilitosha. Kila kilichoongezwa baadaye, yaani kifuniko kinachobembea, sumaku, komeo na hatimaye chipu, kiliongezwa kwa sababu tundu lilihamia kwenye mlango wa nje. Mlango wa nje una kazi zake: kuzuia mwizi, baridi, maji, na katika majengo mengine moto. Anayetaka kuweka kijilango cha paka anaupunguzia mlango sehemu ya kazi hizo, kisha anatafuta namna ya kuzirudisha.

Wengi hupenda kusimulia kwamba mvumbuzi wa kijilango cha paka ni Isaac Newton, eti alitoboa matundu mawili mlangoni, kubwa la paka mama na dogo la watoto wake. Kisa hicho kina utamu wa kumcheka msomi, lakini hakina miguu. Kiliandikwa mwaka 1827, karne nzima baada ya Newton kufariki, na Humphrey Newton, aliyekuwa mwandishi wake kule Cambridge, aliacha maelezo kwamba bwana wake hakufuga mbwa wala paka chumbani. Tena tundu la Exeter lilikatwa miaka 44 kabla Newton hajazaliwa, na mshairi Geoffrey Chaucer alishalitaja tundu la paka mlangoni katika karne ya 14.

Tuje kwenye mlango wa leo. Kipimo cha kwanza ni cha paka mwenyewe. Mtulinga wa paka haujaungana na mifupa mingine kama wa binadamu, umeshikiliwa na misuli tu, kwa hiyo pale kichwa kinapopenya mabega nayo hupenya, ilmradi mnyama hajanenepa kupita kiasi. Ndiyo sababu nafasi ya kupitia huwa ndogo kuliko mtu anavyotarajia. Aina moja inayouzwa sana Ulaya ina nafasi ya milimita 142 kwa upana na 120 kwa kimo, na paka wa kawaida hupita bila taabu.

Kimo cha kuweka tundu ndicho kinachowakosesha wengi. Kanuni ni kupima kutoka sakafuni hadi tumboni mwa paka akiwa amesimama, na ukingo wa chini wa tundu ukae usawa huo au chini yake kidogo. Shida ni kwamba watu hupima upande wa ndani peke yake. Nje ya mlango wa jikoni mara nyingi kuna ngazi iliyoshuka, na tundu ambalo ndani liko usawa wa tumbo, nje liko juu ya kichwa. Paka kijana ataruka. Paka mzee mwenye maumivu ya viungo hatatumia kabisa, na mwenye nyumba atabaki akilaumu kifaa. Dawa yake ni rahisi, tofali au kipande cha ubao upande wa nje, lakini iwekwe siku ileile ya ufungaji.

Kipimo cha pili ni cha mlango, na hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Mlango wa nje wa mbao Uingereza kwa kawaida una unene wa milimita 44, lakini unene huo hauko kila mahali. Kwenye mlango wa paneli, mbao nene ni zile za fremu zilizoungwa kwa ndimi, na katikati yake kuna paneli nyembamba zaidi. Tundu likikatwa kwenye paneli ya chini, mlango hauathiriki. Likikatwa kwenye ubao wa chini wa fremu, linakula maungio yanayoubeba mlango mzima, na baada ya misimu kadhaa mlango huanza kulegea pembeni. Mlango wa flashi nao una hila yake, maana ndani ya ngozi mbili za plaiwudi aina ya bei nafuu hujazwa karatasi ngumu iliyokunjwakunjwa. Skrubu ikikazwa hapo, ngozi zinabonyea. Lazima vipande vya mbao vipachikwe na kugundishwa kuzunguka kingo zote nne za tundu ili fremu ya kijilango ipate pa kung'ang'ania.

Kioo ni habari nyingine kabisa. Milango mingi ya nyuma Ulaya ina kioo hadi chini, na kioo kilichoimarishwa kwa moto kiwandani hakikatiki tena baada ya hapo: kikiguswa na kifaa cha kukatia, chote kinavunjika kuwa chembechembe. Kioo cha tabaka mbili kina hewa au gesi iliyofungiwa katikati, na tundu lolote linaua kazi yake ya kuzuia baridi. Njia ni moja, kuagiza kioo kipya kilichotengenezwa na tundu lake tangu kiwandani. Anayefikiria kwamba kijilango cha bei nafuu kitamgharimu bei nafuu ajiulize kwanza mlango wake ni wa nini.

Kuna pia mlango usiopaswa kuguswa kabisa. Mlango wa kuzuia moto, ule wenye uwezo wa kustahimili kwa dakika 30, hupoteza sifa hiyo mara tu tundu linapotobolewa, hata kama kifuniko kinabana vizuri. Nchini Uingereza suala hili limekaziwa baada ya moto wa jengo la Grenfell Tower, London, mwezi Juni 2017. Sheria ya Usalama wa Moto ya 2021 iliweka wazi kwamba milango ya kuingilia kila makazi ndani ya jengo la ghorofa imo katika ukaguzi, na kanuni za England zilizofuata zinataka milango hiyo ikaguliwe kila baada ya miezi 12 katika majengo ya makazi yanayozidi mita 11 kwenda juu. Mpangaji wa ghorofa ya tano anayetoboa mlango wake kwa ajili ya paka anahatarisha majirani wa sakafu nzima. Safu hii haioni mjadala hapo.

Mlango ukikubali, kukata kwenyewe si kazi kubwa. Karatasi ya kuchorea inayokuja na kifaa hubandikwa mlangoni na kunyooshwa kwa pima maji. Usahihi huu hautafutwi kwa ajili ya urembo tu. Kifuniko hurudi mahali pake kwa uzito wake, na fremu ikiinama hata kidogo kifuniko husugua upande mmoja na kubaki wazi. Pembe nne hutobolewa kwa drili yenye biti ya milimita 10, ndani ya mstari. Hapa fundi mwangalifu hutoboa hadi ncha ya biti ichungulie upande wa pili, kisha huhamia upande huo kumalizia, mbao isichanike. Msumeno wa umeme wa ubapa mwembamba huingizwa kwenye tundu la pembe na kufuata mstari. Meno ya ubapa huo hutazama juu na hukata yakipanda, kwa hiyo uso wa juu ndio unaochanika. Tepu ya karatasi ikibandikwa juu ya mstari na msumeno ukapita juu yake, mchaniko hupungua sana.

Baada ya hapo huja hatua ambayo mafundi wenye haraka huiruka. Mbao iliyokatwa imeacha mishipa yake wazi, na mishipa hiyo hunywa maji. Kingo zipigwe msasa, zipakwe praima na rangi au vanishi, ziachwe zikauke, ndipo fremu ifungwe. Zisipopakwa, mvua ya kwanza itaivimbisha mbao na kuibana fremu ya plastiki. Mvua ya kumi italeta uozo. Skrubu ndefu zinazounganisha fremu ya ndani na ya nje zikazwe kwa mkono, si kwa drili, kwani plastiki ikibanwa sana hupinda na kifuniko kugoma.

Suala la mwizi huulizwa kila mara, na jibu lake haliko kwenye kijilango. Mtu mzima hapiti kwenye milimita 142. Mkono unapita. Mlango wenye ufunguo ulioachwa kwenye kitasa, au komeo lililo karibu na sakafu, unaweza kufunguliwa na mkono huo au waya uliopindwa. Tundu liwe mbali na kitasa kadiri inavyowezekana, na ufunguo usilale mlangoni.

Wamebaki wale wageni wenye miguu minne. Vijilango vya mwanzo vya kisasa vilikuwa na kifuniko tu, na paka wa mtaa mzima waligundua haraka nyumba yenye bakuli la chakula. Kukaja sumaku ya kuvaliwa shingoni, lakini paka wa jirani mwenye sumaku yake aliingia vilevile, na mkanda wenye sumaku ukipotea paka wa nyumba alifungiwa nje. Suluhisho lilitoka kwa mwanafizikia wa Cambridge, Nick Hill, aliyechoshwa na paka wa majirani. Mwaka 2008 kampuni yake ya SureFlap ilianza kuuza kijilango kinachosoma chipu ambayo daktari wa mifugo huichoma chini ya ngozi kati ya mabega ya paka.

Chipu hiyo, yenye ukubwa wa punje ya mchele, haina betri. Koili za waya zilizofichwa kwenye fremu hutoa uga wa sumaku, kwa chipu nyingi wa kilohezi 134.2, na uga huo ndio unaoipa chipu nguvu ya kutamka namba yake ya tarakimu 15. Namba ikitambuliwa, komeo hufyatuka. Ili betri nne za AA zidumu kwa miezi, kisomaji hulala hadi kihisi cha mwanga mdomoni mwa tundu kigundue kwamba kuna kitu kimekaribia. Ndiyo maana ubovu mwingi unaodhaniwa kuwa wa umeme ni manyoya na matope juu ya kihisi, na kitambaa chenye unyevu huutibu. England imefanya chipu kuwa lazima kwa paka wa kufugwa tangu tarehe 10 Juni 2024, kabla hawajafikisha wiki 20, na faini hufika pauni 500, kwa hiyo kwa wengi huko ufunguo tayari uko shingoni.

Chuma ndicho adui wa mfumo huu. Bati la mlango likizunguka koili za waya, uga wa sumaku huzaa mkondo ndani ya bati na kudhoofika, na kisomaji huwa kiziwi. Tundu inabidi likatwe kubwa zaidi na fremu iwekewe mzingo wa plastiki au mbao kuitenga na chuma. Kwa nyumba za Dar es Salaam, Mombasa au Kampala zenye milango ya nje ya bati, jambo hili linatosha kumfanya mtu aachane na chipu na kuchukua kijilango cha kawaida chenye komeo la njia nne: kuingia tu, kutoka tu, vyote viwili, au kufungwa kabisa usiku. Usiku ufungwe kweli, kwa sababu panya na nyoka hawaulizi tundu ni la nani.

Hata hivyo, mahali pazuri zaidi kwa nyumba hizo si mlango wa chuma wala ule wa mninga unaochosha msumeno. Ni mlango wa wavu wa mbu. Grili humpitisha paka bila kumwomba ruhusa, na kinachomzuia mchana ni wavu, ambao naye huurarua kwa kucha. Sehemu ya chini ya mlango huo ikibadilishwa kuwa plaiwudi iliyopakwa rangi pande zote, kijilango hukaa hapo vizuri na mlango mkuu ukafungwa usiku kama kawaida. Anayejenga au kubadilisha milango mwaka huu amwambie seremala mapema, tundu likatwe karakanani mlango ukiwa umelazwa mezani, na kipimo kichukuliwe kwa paka mkubwa, si kwa mtoto wa paka wa miezi mitatu.